Namna ya Kulinganisha Harrier, X-Trail, Forester na CX-5 kwa Nguvu, Mafuta na Matumizi

Anayetafuta krosova ya ukubwa wa kati iliyotumika kutoka Japani, awe Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, mara nyingi hujikuta amebaki na magari manne mezani: Toyota Harrier iliyotoka mwishoni mwa 2013, Nissan X-Trail ya T32 iliyotoka wakati huohuo, Subaru Forester ya SJ iliyotoka mwishoni mwa 2012, na Mazda CX-5 iliyotoka mapema 2012 kisha ikabadilishwa umbo mwaka 2017. Hapo huanza kuuliza ndugu, majirani na mafundi, na kila anayeulizwa hulisifu gari alilo nalo. Mwongozo huu unampa mnunuzi njia ya kulinganisha kwa vipimo, hatua kwa hatua, mpaka abaki na gari linalofaa kazi yake. Msingi wa ulinganisho ni injini za lita 2.0 za petroli, kwa kuwa zimejaa kwenye yadi zetu. Injini nyingine zitaguswa pale zinapobadilisha hesabu.

Hatua ya kwanza: Andika kazi ya gari kabla hujatazama bei

Chukua daftari, na kwa muda wa wiki mbili andika kila safari unayofanya: kilomita ngapi, dakika ngapi kwenye foleni, abiria wangapi, mzigo gani, na barabara ni ya lami au ya vumbi. Ongeza safari za mwaka mzima, kwa mfano kwenda kijijini mwezi Desemba au kuwapeleka watoto shule ya bweni. Mtu anayetoka Kibaha kila asubuhi kwenda Posta na mtu anayeishi Njombe mwenye shamba umbali wa kilomita 25 za tope hawatafuti gari moja, hata kama wote wana pesa zilezile na wote wanalipenda umbo la Harrier.

Katika hatua hii kubali pia jambo moja ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Krosova ni gari dogo lililoinuliwa. Bodi yake na fremu yake ni kitu kimoja, na halina ile gia ya ziada ya kupandia mlima kwa mwendo wa kinyonga ambayo Land Cruiser Prado inayo. Ikiwa daftari lako limejaa mito isiyo na madaraja na mawe ya ukubwa wa ndoo, hakuna kati ya magari haya manne linalokufaa, na ni heri ulijue hilo leo kuliko baada ya kulipa.

Hatua ya pili: Soma namba ya chasisi, usisome kibandiko cha nyuma

Magari mawili yenye jina moja na rangi moja yanaweza kuwa na injini tofauti kabisa, na nimewaona watu wakilinganisha Harrier ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na X-Trail ya petroli huku wakidhani wanalinganisha vitu vya aina moja. Namba ya chasisi huondoa utata huo. Kwa Harrier, ZSU60 ni petroli ya lita 2.0 inayovuta kwa magurudumu ya mbele, ZSU65 ni injini hiyohiyo yenye kuvuta kwa magurudumu manne, AVU65 ni haibridi, na ASU60 au ASU65 ni ile ya turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) iliyoanza mwaka 2017. Kwa X-Trail, T32 huvuta mbele, NT32 huvuta kote, na herufi H ikitangulia ni haibridi. Forester ya SJ5 ni ya kawaida na SJG ni ya turbo. Kwa CX-5 ya kwanza, KE2 ni dizeli ya lita 2.2, KE5 ni petroli ya lita 2.5, na KEE ni petroli ya lita 2.0, katika ile ya 2017 herufi hubadilika kuwa KF2, KF5 na KFE kwa mpangilio huohuo.

Mwombe muuzaji picha ya kibao cha chasisi kabla ya jambo lolote. Anayekuzungusha kwa siku tatu kuhusu picha moja amekwisha kukujibu.

Hatua ya tatu: Linganisha nguvu kwa namba tatu, si moja

Tangazo la gari hutaja nguvu za farasi, na kwa magari haya zitakushangaza kwa jinsi zinavyokaribiana. Kwa vipimo vya Japani, X-Trail ina 147, Forester 148, Harrier 151 na CX-5 155. Tofauti kati ya wa mwisho na wa kwanza ni farasi 8, kiasi ambacho dereva wa kawaida hawezi kukihisi kwa mguu wake. Kwa hiyo anayechagua kati ya magari haya manne ya lita 2.0 kwa kigezo cha nguvu za farasi anapoteza muda. Nguvu iamue tu ikiwa yuko tayari kuhama kabisa kwenda injini nyingine.

Namba ya pili ni nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toki na hupimwa kwa Nm. Hii ndiyo inayolisukuma gari lenye abiria watano linapoanza kupanda. X-Trail ina Nm 207, Forester na CX-5 zina 196, Harrier ina 193. Hapa pia zinakaribiana, ila jambo la kuangalia ni mzunguko ambao toki hiyo hupatikana. Injini hizi zote nne zinafikia kilele chake karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika, na ndiyo maana husikika zikipiga kelele mlimani: dereva hukanyaga, injini hupanda hadi 4,000, na ndipo gari husogea. Linganisha na dizeli ya CX-5, yenye Nm 420 kwenye mizunguko 2,000 tu, au Harrier ya turbo yenye Nm 350 kuanzia mizunguko 1,650. Magari hayo hupanda bila kupiga kelele, na tofauti yake hata abiria aliyekaa nyuma huihisi.

Namba ya tatu ni uzito. Gawanya nguvu kwa uzito, kwa kuwa injini inayovuta kilo 1,450 ina kazi nyepesi kuliko injini ileile inayovuta kilo 1,600. Forester na CX-5 ya petroli ni nyepesi kuliko Harrier, na Harrier ya haibridi, kwa sababu ya betri na mota zake, inapita kilo 1,700. Ikumbukwe kwamba haibridi hiyo hutoa jumla ya nguvu za farasi 197, kwa hiyo uzito wake umelipiwa. Harrier ya lita 2.0 ndiyo iliyobeba mwili mkubwa kwa injini ya kawaida. Mwenye nayo atakwambia ni tulivu na laini, na ni kweli, lakini usitarajie ikurupuke kulipita lori.

Kisha weka jambo ambalo orodha za Japani haziligusi, nalo ni mwinuko wa mahali. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya ni karibu hivyo pia. Farasi 150 wa Dar es Salaam wanakaribia kuwa 125 huko. Turbo hufidia upungufu huo kwa kuisukuma hewa ndani kwa nguvu, na hii ndiyo sababu ya kweli, mbali na kupenda mbio, kwa nini mkazi wa nyanda za juu anaweza kuwa na haki ya kutaka turbo wakati mkazi wa Tanga hana. Aliyewahi kupanda Kitonga akiwa na familia na mizigo, kiyoyozi kimewashwa na lori la shehena liko mbele, anaijua tofauti hii bila kuelezwa.

Uamuzi wako mwishoni mwa hatua hii uwe wa sentensi moja: je, njia zangu zinahitaji zaidi ya farasi 150? Ikiwa unaishi pwani, unaendesha mjini na unasafiri mara nne kwa mwaka, jibu ni hapana. Futa turbo zote kwenye orodha na usonge mbele.

Hatua ya nne: Pima mafuta kwa lita, si kwa maneno

Hapa ndipo udanganyifu ni mwingi, na mara nyingi hakuna anayedanganya kwa makusudi. Kipimo rasmi cha Japani kwa magari ya miaka hii huitwa JC08, nacho hufanyika maabara, kwenye magurudumu yanayozunguka mahali pamoja, bila foleni ya Mwenge wala matuta ya Chalinze. Kwa kipimo hicho, Harrier, X-Trail, Forester na CX-5 za lita 2.0 zote huangukia kati ya kilomita 15 na 16 kwa lita. Harrier ya haibridi hufika 21 na zaidi kidogo, CX-5 ya dizeli hufika 18, na turbo za Harrier na Forester hubaki kwenye 13.

Usiziamini namba hizo kama zilivyo, lakini usizitupe pia, maana zinakupa mpangilio wa nani anakula zaidi ya nani. Kanuni yangu ni kuzidisha namba ya JC08 kwa 0.7 ili kupata makadirio ya matumizi ya mchanganyiko wa mji na barabara kuu. Kilomita 16 huwa 11.2. Kwa mtu anayekaa kwenye foleni saa tatu kila siku, hata hiyo 11 ni ndoto, na ajiandae kwa 8 au 9.

Sasa badilisha kipimo chenyewe. Sisi tumezoea kilomita kwa lita, na kipimo hiki hupotosha macho. Chukua mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Akihama kutoka gari la kilomita 8 kwa lita kwenda la kilomita 10, atatoka kwenye lita 1,875 hadi lita 1,500, yaani ataokoa lita 375. Akihama kutoka kilomita 18 kwenda 20, atatoka lita 833 hadi 750, yaani ataokoa lita 83 tu. Tofauti ni "kilomita mbili" katika kila hali, ila mfukoni hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo gawanya kilomita zako za mwaka kwa makadirio ya kila gari, andika lita, kisha zidisha kwa bei ya leo ya kituo unachotumia. Namba ya mwisho iwe shilingi kwa mwaka. Ukifika hapo utaona kwamba magari manne ya petroli yamekaribiana tena, na kwamba tofauti kubwa iko kati ya turbo, petroli ya kawaida na haibridi.

Ikiwa unaweza kuazima gari la ndugu au rafiki la aina unayoitaka, fanya kipimo chako mwenyewe. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, weka kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha angalau kilomita 300 za maisha yako ya kawaida, kisha rudi kwenye pampu ileile na ujaze mpaka ikate tena. Tuseme kihesabu kinasoma kilomita 412 na pampu imeonyesha lita 38.6: gawanya 412 kwa 38.6 upate kilomita 10.7 kwa lita. Usitegemee namba ya dashibodi peke yake, kwa kuwa mara nyingi huwa na matumaini kuliko pampu.

Haibridi inastahili maelezo yake. Faida yake kubwa iko kwenye foleni, kwa sababu injini huzimika gari linaposimama au kujikokota, na nishati ya breki hurudi kwenye betri. Kwenye safari ndefu ya mwendo mmoja, kama Nairobi hadi Mombasa, faida hiyo hupungua sana. Kwa hiyo anayeishi mjini ndiye anayeilipia kwa haki. Anayesafiri mikoani kila wiki anabeba betri kwa faida ndogo. Betri ya Harrier hiyo iko chini ya kiti cha nyuma na hupoozwa kwa hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo tundu la hewa lililo karibu na kiti lisizibwe na mifuko, na lisafishwe mara kwa mara kwa yeyote anayepita barabara za vumbi. Betri nyingi huchoka kabla ya wakati kwa sababu ya joto, na joto hilo hutokana na vumbi lililoziba njia ya hewa.

Dizeli ya CX-5 nayo ina sharti lake. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na masizi hayo huchomwa gari linapokuwa limetembea kwa mwendo na joto la kutosha kwa muda. Ukilitumia kwa safari za kilomita 3 kwenda sokoni na kurudi, chujio hujaa, mafuta ya dizeli huanza kuingia kwenye oili, na njia za hewa za injini hushika masizi. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua iliyozifaa sana injini za aina hii, lakini dizeli ya Japani ina sehemu 10 tu. Gari hili ni la mtu wa safari ndefu ambaye hujaza mafuta kwenye vituo vinavyoaminika. Kwa mtu huyo, naona ndilo bora kuliko yote yaliyotajwa hapa: lina nguvu ya kupanda, na hula kidogo. Kwa mtu wa mjini, ni mzigo.

Turbo za Harrier na Forester zilitengenezwa kwa kutegemea petroli ya daraja la juu ya Japani. Ukiamua kuchukua mojawapo, weka kwenye hesabu bei ya petroli bora zaidi inayopatikana mahali pako, na oili ya injini inayobadilishwa mapema.

Hatua ya tano: Ongeza kodi, maana inafuata ukubwa wa injini na umri

Kwa Tanzania, ushuru wa forodha wa gari dogo la aina hii ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini isiyozidi cc 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Harrier ya petroli ina cc 1,986, X-Trail 1,997, Forester 1,995, zote zimepita chini ya mstari. Harrier ya haibridi ina cc 2,493 na CX-5 ya dizeli inakaribia 2,200, kwa hiyo zinavuka.

Watu huogopa sana mstari huo wa cc 2,000 na kusahau umri, ambao una uzito zaidi. Gari lenye zaidi ya miaka 8 huongezewa asilimia 15, na likizidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Chukua gari ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandarini ni dola 10,000. Ukiacha tozo ndogo, ushuru wa forodha ni dola 2,500, na ushuru wa bidhaa huhesabiwa juu ya 12,500. Kuvuka cc 2,000 kunaongeza dola 625, ambazo pamoja na VAT yake ni kama 740. Kuvuka miaka 8 kunaongeza dola 1,875, ambazo pamoja na VAT ni zaidi ya 2,200. Yaani kwa anayesita kati ya gari lenye cc nyingi na gari lenye umri mkubwa, umri unamgharimu mara tatu. TRA ina kikokotoo mtandaoni kinachotumia thamani zake yenyewe, si bei uliyolipa. Ingiza kila gari humo siku unayotaka kuagiza, kwa kuwa viwango huweza kubadilishwa na bajeti ya kila mwaka.

Kenya haina ngazi hiyo ya umri: gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa kabisa. Forester ya SJ iliachwa kutengenezwa mwaka 2018, kwa hiyo mnunuzi wa Kenya aitafute kwa walio nayo tayari nchini na ajiandae kukagua matunzo ya humuhumu.

Hatua ya sita: Pima matumizi kwa rula, kwa mzigo wako na kwa watu wako

Nguvu zimelingana, mafuta yamelingana. Hapa ndipo magari haya yanapoachana, na ndipo ninapomsihi mnunuzi atulie.

Anza na uinuko kutoka ardhini. Forester ina milimita 220, CX-5 ina 210, X-Trail ina 205, Harrier ina 190, na Harrier ya haibridi 175 tu. Sentimita nne na nusu kati ya wa kwanza na wa mwisho ni tofauti kati ya kupita juu ya tuta lililojengwa na wanakijiji na kulikwangua kwa tumbo, hasa gari likiwa limejaa na shokapu zimechoka. Kama nyumba yako iko ndani ya mtaa usio na lami, namba hii iwe na uzito kuliko ngozi ya viti.

Kisha kuvuta kwa magurudumu manne. Kwenye Forester ya SJ mfumo huo ni wa kudumu, kila gari linao. Kwenye Harrier, X-Trail na CX-5, yako mengi yanayovuta mbele tu, na ndiyo maana tulisoma chasisi mapema. X-Trail ya NT32 ina swichi ya kufunga mgawanyo wa nguvu kwa mwendo mdogo, jambo la msaada mkubwa kwenye tope. Harrier ya haibridi huzungusha magurudumu ya nyuma kwa mota ya umeme peke yake, bila shafti inayotoka mbele. Hutosha kwa barabara yenye utelezi, lakini nisingeitegemea kwa tope zito la muda mrefu.

Viti vinafuata. X-Trail ya petroli ndiyo pekee hapa inayopatikana na safu ya tatu, watu saba kwa jumla, na safu hiyo inawafaa watoto. Ikiwa familia yako ina watu sita, ulinganisho umekwisha, kwa kuwa kubanana si mpango wa miaka mitano. Angalia tu kwamba safu hiyo ikisimama, buti hubaki na nafasi ya mifuko michache. Mengi ya magari haya ya X-Trail pia yana viti vya kitambaa kisichopitisha maji, ambavyo kwa mwenye watoto au anayebeba samaki kutoka Feri vina thamani kuliko ngozi.

Mpeleke kila mtu atakayepanda gari hilo akae ndani yake. Mama yangu ana maumivu ya magoti, na nilipokuwa nikitafuta gari nilimchukua tukazunguka naye yadi tatu. Kwenye Forester alifungua mlango akaketi kwa mara moja, bila kuinama wala kujivuta, kwa sababu mlango ni mpana na paa liko juu. Kwenye Harrier aliinamisha kichwa na kushika nguzo. Hakuna orodha ya vipimo ingeniambia hilo, na kwangu lilikuwa na uzito kuliko farasi 3 wanaozitenganisha injini.

Kwa buti, usisome lita. Nenda na kitu halisi: kigari cha mtoto, gunia la mchele, ndoo mbili, au sanduku la shule. Harrier ni ndefu kwa nje, karibu milimita 4,720, lakini kioo chake cha nyuma kimelala na hula nafasi ya juu, kwa hiyo mzigo mrefu wa kwenda juu huingia kwa urahisi zaidi kwenye Forester na X-Trail, ambazo ni fupi kwa nje. Urefu huo wa nje pia upime dhidi ya geti lako na maegesho yako.

Mwisho fungua sakafu ya buti. Wengi wataona tairi nyembamba ya dharura, isiyotakiwa kupita kilomita 80 kwa saa, na katika baadhi ya CX-5 kuna chupa ya dawa ya kuzibia tairi badala ya tairi. Kwa anayesafiri kati ya Dodoma na Singida usiku hilo ni tatizo la kweli. Bei ya tairi kamili na rimu yake iingie kwenye hesabu. Soma pia saizi ya tairi. 225/65R17 ya X-Trail na Harrier za kawaida inapatikana karibu kila mji, wakati 225/55R19 ya CX-5 za daraja la juu ni ghali, haipatikani kirahisi mikoani, na ubavu wake mfupi hauvumilii mashimo.

Hatua ya saba: Jaribu gia kabla ya kujaribu redio

Harrier ya lita 2.0, X-Trail na Forester ya otomatiki hutumia gia za CVT, yaani mkanda au mnyororo wa chuma kati ya puli mbili, bila ngazi za kawaida. CX-5 hutumia otomatiki ya ngazi 6. CVT husaidia mafuta na hufanya safari kuwa laini, lakini haisamehe oili mbaya wala joto. Ukikubali CVT, kubali pia kubadilisha oili yake kila baada ya kilomita 40,000 hadi 50,000, na iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji: NS-3 kwa X-Trail, CVTF FE kwa Harrier. Fundi anayesema "hydraulic ni hydraulic tu" asiguse gia zako. Kwa mtu anayeishi mbali na mji wenye mafundi wa CVT, naona ngazi 6 za CX-5 zinampa usingizi mzuri zaidi.

Fika kwa muuzaji asubuhi na umwombe mapema asiwashe gari kabla hujafika. Shika boneti kwanza uhakikishe ni baridi. Washa, sikiliza dakika mbili, weka D ukiwa umekanyaga breki, na usubiri: kukiwa na mtikisiko mkubwa au kuchelewa kushika, andika. Endesha dakika 20 angalau, zima, pumzika, kisha panda mlima wowote ulio karibu kwa kukanyaga mafuta taratibu kutoka mwendo wa kilomita 20 hadi 60 kwa saa. CVT iliyochoka hutetemeka katika mwendo huo, au hupandisha mizunguko bila gari kuongeza kasi. Rudia zoezi hili kwa kila gari, kwenye mlima uleule na idadi ileile ya watu ndani, la sivyo hutakuwa umelinganisha kitu.

Ikiwa unaagiza moja kwa moja kutoka Japani na huwezi kuliendesha, omba karatasi ya mnada. Daraja la 4 na kuendelea ni salama kwa wengi. Herufi R ina maana gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi gari likifika bandarini. Mimi niliwahi kununua gari kwenye yadi nikiamini kilomita 68,000 zilizosomeka, na baadaye karatasi ya mnada ikaonyesha 141,000. Tangu siku hiyo silipi hata malipo ya awali kabla karatasi hiyo haijawa mkononi na namba yake ya chasisi haijalingana, tarakimu kwa tarakimu, na iliyogongwa kwenye chuma cha gari.